Mshono wa Chupa na Mwaka wa Bibi

Chukua chupa yoyote ya soda ya kioo, upitishe kidole ubavuni mwake kuanzia kitakoni kwenda juu. Utahisi mstari mwembamba, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana kioo kikiwa bado cha moto. Huo ndio mshono. Ufuatilie mpaka mdomoni. Ukipanda bila kukatika, ukavuka ukingo wa mdomo, chupa hiyo ilitengenezwa yote na mashine. Ukifia shingoni, chini kidogo ya mdomo, ujue kuna mtu aliyesimama mbele ya tanuru akaumalizia mdomo ule kwa mkono wake, na joto la kazi yake likaufuta mshono.

Hilo ndilo somo la kwanza la watu wanaookota chupa kuukuu na kutaka kujua umri wake. Wengi wao hutembea ufukweni maji yakikupwa, wakiinama kila hatua tatu. Mimi nimekulia Ikungi, kusini mwa mji wa Singida, kando ya barabara kuu iendayo Manyoni na Dodoma. Bahari iko mbali sana nasi. Ufuko wetu ni korongo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikianza Desemba zikaisha Aprili, na kila msimu korongo hula ardhi kidogo likaanika kilichozikwa: vigae vya vyungu, kipande cha jembe, kitako cha chupa. Watoto huokota. Wakubwa huwakataza kwa sababu ya kujikata. Nilipoanza shahada ya uzamili na kukutana na somo la kukadiria umri wa vitu, korongo lile lilinirudia kichwani likiwa na sura mpya. Lakini swali lililonishika halikuwa la chupa. Lilikuwa la haki: je, kukosa tarehe kamili ni sawa na kukosa ukweli? Na pale tusipokuwa na uhakika, ni nani abebe gharama ya shaka?

Nianze na chupa, kwa kuwa chupa ni mwalimu mvumilivu.

Mashine ya kwanza iliyoweza kutengeneza chupa nzima bila mkono wa mtu ilibuniwa na Mmarekani Michael Owens, na mwaka 1903 ilikuwa tayari inafanya kazi. Kwa hiyo chupa ambayo mshono wake umevuka mdomo haiwezi kuwa ya 1880, hata muuzaji aape. Kizibo cha bati chenye meno, kile tunachokifungua kwa kopo la kufungulia au kwa meno wazazi wasipoona, kilisajiliwa na William Painter huko Marekani mwaka 1892. Mdomo uliotengenezwa kwa ajili ya kizibo hicho hauwezi kuutangulia mwaka huo. Kuna chupa zenye gololi ya kioo shingoni, ambazo gesi ya kinywaji chenyewe huisukuma gololi na kuziba: Mwingereza Hiram Codd alizipatia hataza miaka ya 1870. Kioo cheupe cha zamani kilichochanganywa na manganizi hugeuka zambarau kikikaa juani miaka mingi. Rangi ya kijani nayo mara nyingi haikutiwa na mtu. Ni chuma kilichomo katika mchanga.

Angalia namna msomaji wa chupa anavyosema. Hasemi, “Chupa hii ilizaliwa tarehe fulani.” Husema, “Haiwezi kuwa kabla ya mwaka huu,” kisha, “Haielekei kuwa baada ya mwaka ule.” Huweka kigingi upande mmoja na kigingi upande wa pili, na ukweli anauacha utembee katikati. Hata vigingi vyenyewe huvipa tahadhari, kwa sababu mashine ya Owens haikuingia viwanda vyote siku moja. Mafundi wa mkono waliendelea sehemu nyingi kwa miaka mingi baadaye. Ukimbana akutajie mwaka mmoja, atakataa. Kukataa kwake hakumpunguzii heshima. Kinyume chake, ndiko kunakotufanya tumwamini.

Kuna jambo la pili analolijua msomaji wa chupa, na sisi tuliokulia bara tunalijua kuliko mtu wa ufukweni. Mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kutumiwa. Katika nchi ambako vinywaji hutupwa na chupa yake, chupa iliyookotwa inakaribiana sana na siku ya mwisho ya mnywaji wake. Kwetu chupa haikutupwa. Ukienda dukani kununua soda ulikwenda na chupa tupu, au uliacha fedha ya chupa, au ulikunywa umesimama pale pale huku muuza duka akikuangalia kwa jicho la pembeni. Ile isiyorudi kiwandani iliingia kazi nyingine: mafuta ya taa, mafuta ya kula, samli, dawa ya mitishamba, asali. Hadi leo, kando ya barabara yetu, asali na mafuta ya alizeti huuzwa katika vyombo vilivyoanza maisha na kinywaji tofauti kabisa. Chupa moja inaweza kuwa na mwaka wa kiwanda, mwaka wa kufika, mwaka wa kugeuzwa kibuyu cha samli, na mwaka wa kuvunjika. Ukiuliza “ni ya mwaka gani?” bila kusema mwaka wa nini, umeuliza nusu ya swali.

Nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama, ipo chupa moja. Ni nzito, ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, ina mabega ya mraba na haina herufi hata moja. Ndani yake yamo mafuta ya nyonyo, ambayo bibi hupaka magotini. Mshono wake unafia shingoni. Mdomo umepinda kidogo upande mmoja, na ndani ya kioo kuna viputo vya hewa vilivyolala ubavu kama punje za uwele. Bibi aliikuta kwa mama mkwe wake alipoolewa; mama mkwe naye aliikuta. Haina jina la kiwanda, wala kinywaji, wala mji. Nikitumia yote niliyofundishwa, naweza kusema kwa utulivu kwamba ilitengenezwa kati ya miaka ya 1870 na miaka ya 1920. Miaka 50. Hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Huenda ilipita na msafara wa miguu kutoka Bagamoyo, huenda ilishuka kwenye treni ya reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912. Chupa haisemi, na mimi sina ruhusa ya kuisemea.

Sasa nije kwa mwenye chupa.

Bibi yangu hana cheti cha kuzaliwa. Hilo si ajabu; wengi wa rika lake hawana. Walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga, na kumbukumbu ya kuzaliwa ikawekwa pale wanapoweka watu kumbukumbu zao: katika tukio. Fulani alizaliwa mwaka wa nzige, fulani msimu ambao mtama ulioza shambani. Nchi nzima imejaa watu ambao majina yao ni alama za aina hiyo: Masika, Tabu, Shida. Juma na Mwajuma wanakuambia siku ya wiki lakini wanakuficha mwaka. Ni kama herufi zilizonyanyuka ubavuni mwa chupa. Zinaeleza kitu, hazielezi kila kitu.

Nilikaa naye jioni moja, daftari mkononi, nikamwamkia.

“Marahaba, mume wangu,” alinijibu kwa utani wa bibi na mjukuu. “Leo umekuja kunihoji kama polisi?”

Nilimwuliza anakumbuka nini kuhusu siku ya Uhuru. Alicheka akafunika mdomo. Alisema anakumbuka watu wakicheza ngoma usiku, na kwamba yeye alikuwa akichunga ndama, si ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe walichungwa na wakubwa. Halafu akaniambia kwa nini alifunika mdomo: usiku ule hakutaka kucheka mbele za watu, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajatoka. Mdogo wake alikuwa mgongoni kwa mama yao, amelala, hakuona kitu.

Niliiandika habari ile, na mkono wangu ukasita. Meno ya mbele ya juu ya utotoni hung'oka mtoto akiwa na miaka sita hadi minane. Uhuru wa Tanganyika ni tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo bibi alizaliwa kati ya 1953 na 1955. Ukiongeza mwaka mmoja wa tahadhari kila upande, kati ya 1952 na 1956. Pengo la meno ni mshono. Uhuru ni kigingi. Chupa ile nzito, kazi ya kiwanda, niliipatia miaka 50. Mwanamke asiye na karatasi nilimpatia miaka isiyofika mitano, kwa kusikiliza tu.

Lakini kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1967.

Nilivyoelezwa, mambo yalikwenda hivi. Ilikuwa miezi ile ya mwisho ya 2019, wakati laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na bila namba ya utambulisho wa taifa laini ingefungwa. Foleni zilikuwa ndefu. Kijana aliyekuwa akiandika alimwuliza mwaka wa kuzaliwa. Bibi akasema haujui. Akamwuliza anakumbuka tukio gani. Bibi akasema anakumbuka Azimio la Arusha, walivyotembea kuliunga mkono. Kijana akaandika mwaka wa Azimio. Kwa siku na mwezi akachagua katikati ya mwaka. Hakuwa na nia mbaya. Alimpa hata kiti. Mdogo wake bibi, kwenye foleni nyingine, aliulizwa swali lile lile akajibu, “Andika tu, mwanangu, jua kali,” na akaandikiwa 1957.

Matokeo yake ni kwamba, kwa mujibu wa karatasi, aliyebebwa mgongoni usiku wa Uhuru amemzidi miaka kumi aliyekuwa akichunga ndama. Na mama yangu, ambaye ana kadi ya kliniki ya mwaka 1975, alizaliwa na mtoto wa miaka minane. Bibi mdogo hulitania jambo hili kila wakikutana. “Shikamoo ilikuwa yako, sasa ni yangu,” humwambia dada yake, na dada yake humrushia kanga. Ila kicheko huishia kwenye dirisha la zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasiojiweza unaanzia kwenye mstari huo. Wote wawili wana presha. Mdogo anatibiwa bure. Mkubwa analipa.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Maana yake tarehe ile si maelezo tu pembeni ya jina. Imekuwa sehemu ya jina lenyewe. Kila bibi anapoitaja namba yake, huitaja 1967 kwanza.

Kinachoweza kufanyika ni marekebisho, na hatua mojawapo ni hati ya kiapo. Niliandaa maelezo, nikampelekea. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: katika kiapo ataitaja siku gani? Nikamwambia tunaweza kuchagua tarehe moja, tuseme mwaka 1954. Akaniangalia kwa muda.

“Niape mbele ya Mungu kwa siku ambayo siijui?” aliuliza. “Yule kijana aliandika uongo bila kujua. Mimi nitauandika nikijua.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani pale alinishinda kwa hoja. Uongo si kusema kisichokuwa kweli tu. Ni pia kudai uhakika usiokuwa nao. Anayesema “1954” ilhali anajua “kati ya 1952 na 1956” huenda kwa bahati akapatia, na bado akawa hajasema kweli, kwa sababu amejipa kitu ambacho hakuwa nacho. Msomaji wa chupa anayekataa kutaja mwaka mmoja na bibi anayekataa kuapa wanalinda jambo moja: upana wa ukweli. Ukweli mwingine ni mwembamba kama sindano, mwingine ni mpana kama mto wakati wa mvua. Kuupunguza upana wake ili uenee kwenye fomu ni kuupotosha.

Hapa mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake: huo ushahidi wa meno na ndama una uzito gani? Si ni hadithi ya mzee tu? Chupa ina mshono unaoguswa. Bibi ana maneno.

Nimelifikiria sana pingamizi hili, na naona linasahau jambo jepesi. Wewe unayesoma unajua tarehe yako ya kuzaliwa kwa njia gani? Ulikuwepo, lakini hukuiona kalenda. Uliambiwa. Cheti chako nacho ni maneno ya mtu: mama alisema, muuguzi akaandika, karani akanakili, mhuri ukapigwa. Mhuri haukuongeza ushuhuda mpya. Uliufunika ule wa mwanzo kwa wino. Hakuna binadamu anayejijua umri kwa macho yake mwenyewe. Sote tunauamini umri wetu kwa kumwamini mtu. Tofauti kati yangu na bibi ni kwamba shahidi wangu alikuwa na kalamu. Na alama za kiwandani nazo, tukizichunguza, hazijitoshelezi: herufi zilizo kwenye kitako cha chupa hazina maana mpaka mtu aseme kiwanda kile kilifunguliwa lini na kufungwa lini. Nyuma ya kila alama kuna shahidi. Kwa hiyo kusema alama ni ushahidi na kumbukumbu ni hadithi ni kusahau kwamba alama ni kumbukumbu iliyobahatika kukutana na mashine.

Serikali yenyewe inalijua hili. Wakati wa sensa, makarani hufundishwa kuwasaidia wasiojua umri wao kwa kutumia matukio: Uhuru, Azimio, Operesheni Vijiji, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na matukio ya eneo husika. Wataalamu wa takwimu wanajua pia kwamba watu wakiachwa wakisie, umri hurundikana kwenye miaka inayoishia na sifuri na tano. Basi ujuzi upo. Kinachokosekana dirishani ni muda na maswali matatu zaidi: Ulikuwa unafanya nini? Nani alikuwa mdogo kwako? Meno yalikuwaje?

Wapo wanaolipeleka suala hili mbali zaidi, wakasema ni tofauti ya tamaduni. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga hoja kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati huundwa na matukio na si namba. Hoja yake imepingwa na wengi, hasa pale aliposema kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa. Mimi nachukua nusu. Ni kweli bibi anahesabu kwa matukio. Lakini sikubali kwamba hilo linamweka katika wakati wa aina nyingine, nje ya huu wetu. Alipoambiwa kwamba kwa karatasi yake atafikisha 60 mwaka 2027, alihesabu kwa vidole misimu ya kupalilia iliyobaki, akataja bei ya dawa za mwezi mmoja, akazidisha. Alipata jumla kabla yangu. Mtu anayehesabu hivyo hana upungufu wa namba. Amekosa tu kuaminiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la upande wa ofisi, na sitaki kulidharau. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 haiwezi kuendeshwa kwa “kati ya”. Fomu inataka tarehe moja. Msamaha wa matibabu unataka mstari. Kila mstari utamwumiza mtu aliyesimama hatua moja nje yake. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mstari: kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa kuwa urithi wa kale unaolindwa. Chupa ya bibi, kwa kadiri ninavyoisoma, iko nje ya mstari huo kwa miaka michache au mingi. Hakuna anayelia. Sheria haina budi kukata mahali.

Nakubali kwamba lazima kukata. Sikubali kwamba kukata hakuna maadili ndani yake. Pale ambapo hatujui, tunaamua nani abebe uzito wa kutojua kwetu, na uamuzi huo si wa kihesabu. Katika kesi ya jinai tumeshaamua: shaka ikibaki, inamnufaisha mshtakiwa, kwa sababu dola ina nguvu na yeye hana. Tumekubali kwamba baadhi ya wenye hatia watatoka ili asiyekuwa nayo asifungwe. Kwa nini basi shaka juu ya umri wa mzee imwangukie mzee? Hakuleta yeye upungufu wa kumbukumbu. Yeye alizaliwa, wajibu wa kusajili ulikuwa wa wengine, na hawakufika.

Sheria inaweza kuandikwa hivi bila kubomoa ofisi yoyote: pale ambapo tarehe haijulikani, andika vigingi viwili pamoja na sababu zake, na katika jambo linalohusu msaada, tumia kigingi kinachomnufaisha mhusika. Fomu ingeongezeka mstari mmoja. Udanganyifu ungekuwepo, ndiyo, kama ulivyo sasa. Na mwongo wa leo tayari ana nafasi nzuri kuliko mkweli, kwa kuwa fomu humtaka kila mtu adai uhakika, na mwongo haoni shida kudai. Fomu isiyokuwa na nafasi ya kusema “sijui, lakini najua kiasi hiki” inamwadhibu mtu kwa uaminifu wake.

Wapo watakaosema nimelikuza jambo dogo. Tarehe ni tarehe. Mzee anaishi, anakula, wajukuu wanamtunza. Nawajibu kwamba ukubwa wa jambo hutegemea unasimama wapi. Kwetu mkubwa husalimiwa kwanza, hupewa kiti, husikilizwa ugomvi ukitokea. Mtu akikuambia una miaka kumi pungufu hajakupunguzia namba tu. Amekuondolea utoto uliouishi, ndama uliowachunga, na usiku mmoja wa Desemba ambao ulificha pengo la meno yako huku nchi ikizaliwa. Anasema hukuwepo. Na wewe ulikuwepo.

Wakili mmoja nilimweleza yote haya. Alisema kiapo kinaweza kuandikwa kwa ukweli wake: kwamba mlaji kiapo anaamini alizaliwa si kabla ya mwaka 1952 wala si baada ya mwaka 1956, na sababu zikafuata moja baada ya nyingine, pamoja na kadi ya kliniki ya mama na ushuhuda wa mzee mwingine wa rika lake. Hakuahidi kwamba itakubaliwa, kwa kuwa mwisho wa safari fomu ina kisanduku kimoja. Nilimsomea bibi rasimu kwa sauti, neno kwa neno. Kwenye sehemu ya meno alinisimamisha.

“Andika kwamba yalikuwa mawili ya juu,” alisema. “Ya chini yalishaota.”

Niliandika. Kwa wanaojua mpangilio wa kuota meno, sentensi ile ilibana vigingi vyetu kidogo zaidi, maana meno ya chini hutangulia. Kisha alichovya kidole gumba kwenye wino, akaukandamiza chini ya maneno ambayo kila moja lilikuwa kweli. Hati iko ofisini tangu mwezi uliopita. Kwa sasa bado analipia dawa.